Naombeni ushauri: diski moja imetupwa nje ya RAID 5 kwenye seva ya nyumbani, na kasi imeshuka

mwanafaili
Wakuu, salaam. Seva yangu ya kuhifadhi faili ina diski 4 za TB 4, Linux, RAID 5 (diski kadhaa zikitumika kama moja, na moja ikifa data inabaki) ya mdadm, programu ya RAID ya Linux; jina lake ni md0. Tangu jana /proc/mdstat inaonyesha [4/3] [UU_U], yaani diski 3 kati ya 4 ndizo zinazofanya kazi, sdc haimo. Faili bado zinafunguka. Kunakili faili kubwa hakuzidi MB 11 kwa sekunde, zamani ilifika 110. Na kila ruta ikizimwa na kuwashwa, folda ya seva hupotea kwenye kompyuta ingawa seva inawaka.

Diski mpya ninayo. Nichomoe sdc niiweke hiyo?

Jozi_Nne
Usichomoe kitu. RAID 5 iliyobaki na diski 3 haina akiba. Ukikosea ukang'oa diski isiyo na tatizo, zote zinalala. Herufi sda, sdb hubadilika ukiwasha upya, kwa hiyo endesha `lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL` uandike namba inayolingana na stika ya kila diski.

Kisha nakili kwenye diski ya nje zile faili usizoweza kuzipata tena. Leo, si kesho. Baada ya hapo `smartctl -A` (ripoti ya afya ya diski) kwa diski ZOTE, si sdc peke yake. Tuletee safu ya mwisho ya mistari yenye namba 5, 197, 198 na 199.

waya_kahawia
MB 11 inajieleza yenyewe mkuu. Muunganisho umeshuka hadi megabiti 100: gawa kwa 8 upate 12.5, toa mzigo wa pakiti, unabaki na 11 na ushee. Hakiki kwa `ethtool eno1` (weka jina la kadi yako), mstari wa Speed. Mipangilio ya Samba (programu ya kushiriki folda kwenye mtandao) iache kama ilivyo, haihusiki.

Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu za nyaya, pini 1-2 na 3-6. Gigabiti inataka zote nne. Waya mmoja wa bluu (4-5) au wa kahawia (7-8) ukiachia, vifaa hushuka kimya kimya na kila kitu kinaonekana kizima. Ielekeze plagi kwenye mwanga uitazame kwa mbele: ncha zote 8 zifike hadi ukuta wa plastiki. Iliyoishia milimita 2 nyuma ndiyo mchawi wako. Cat5e mpya inatosha, usiuziwe kebo ya bei kubwa.

Folda kupotea ni anwani kubadilika. Ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani), uitengee seva anwani moja kwa MAC yake (namba ya kadi ya mtandao), kisha kwenye kompyuta fungua kwa anwani hiyo badala ya jina.

mwanafaili
Asanteni. Speed ni 100Mb/s kweli. Majibu ya smartctl:
sda: 5=0, 197=8, 198=8, 199=0
sdb na sdd: zote 0
sdc: 5=0, 197=0, 198=0, 199=412

Jozi_Nne
Sasa umeona kwa nini nilitaka zote? Iliyotupwa nje siyo mgonjwa. 199 huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na bodi: kebo ya SATA, soketi, wakati mwingine umeme. Mgonjwa ni sda, na bado yumo kazini. 197 na 198 ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizogoma kusomeka. Ungeweka diski mpya mahali pa sdc, mdadm ingelazimika kuisoma sda mwanzo hadi mwisho, na ikifika kwenye sekta hizo data yake haina pa kutoka.

Zima seva. Badilisha kebo ya SATA ya sdc, uchague yenye kibanio cha chuma, uisukume mpaka ilie "tik", isikunjwe shingoni. Kama umeme wake unatoka kwenye waya uliogawanywa kwa diski nyingi, ipe njia yake. Washa, angalia /proc/mdstat kama kuna neno bitmap (kumbukumbu ya sehemu zilizobadilika). Likiwepo:

`mdadm /dev/md0 --re-add /dev/sdc1`

Zitasawazishwa sehemu zilizobadilika tu. Subiri [UUUU]. Hesabu ya 199 hairudi sifuri. Cha kuangalia ni kama inapita 412.

mtunza_sekta
Naongezea: bitmap isipokuwepo, usifanye re-add wala add kwanza. Simamisha md0, hamisha sda kwenye diski mpya kwa `ddrescue -f -d /dev/sda /dev/sde ramani.log` (hakiki herufi mara mbili, ukizigeuza umefuta kila kitu), halafu chomoa sda ya zamani kabla ya kuiwasha md0. Asili na nakala zisiwe ndani pamoja, zina kitambulisho kimoja. Na mtu akikwambia `--create` (kuunda RAID upya juu ya data yako), mpuuze.

mwanafaili
Bitmap ipo, sdc imerudi, [UUUU]. sda nayo naitoaje? Nafasi ya diski ya tano ipo.

Jozi_Nne
Vizuri, basi usiitoe kwanza. Igawe mpya (partition) kama zilivyo nyingine, kisha:

`mdadm /dev/md0 --add /dev/sde1`
`mdadm /dev/md0 --replace /dev/sda1 --with /dev/sde1`

sda inabaki kazini mpaka nakala ikamilike, na sekta isiyosomeka inajengwa kutoka diski nyingine tatu. Kwa MB 100 hadi 150 kwa sekunde, TB 4 ni saa 7 hadi 11.

mtunza_sekta
Ila kabla ya kuanza, linganisha `blockdev --getsz` ya mpya na ya zamani. Ikipungua hata kidogo inaweza kukataliwa. Na tafuta namba ya modeli kwenye orodha ya mtengenezaji uone ni CMR au SMR (namna mbili za kuandika data kwenye diski). SMR kwenye kazi hii huanza kwa kasi nzuri, kisha hushuka vibaya na saa zikageuka siku. Kama ni SMR, irudishe.