Kijana wa miaka 20 anaweza kuwa shabiki wa kweli wa Vitimbi?

Mzee wa Molo
Jamani, nina jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi. Tulikwenda kupeleka mahari ya mpwa wangu, na baada ya chakula wazee wakaanza kukumbushana vichekesho vya KBC, televisheni ya taifa ya Kenya. Kijana mmoja wa miaka kama 20 akadakia, "Hata mimi ni shabiki sugu wa Vitimbi." Nikamuuliza ameitazamia wapi. YouTube, akasema, KBC wameviweka huko, na alikaa navyo wiki mbili usiku na mchana.

Nilimwambia, na ninyi nawaambia: huyo si shabiki, ni mgeni. Shabiki ni yule aliyengoja. Kwetu tulikuwa na televisheni ya Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, inaendeshwa kwa betri ya lori. Mimi na kaka yangu tuliifunga betri kwenye baiskeli, tukaisukuma hadi mashine ya kusaga mahindi sokoni ikachajiwe, na suruali zetu zote zilitobolewa na asidi. Ikifika usiku sebule imejaa majirani, watoto wako chini, dirishani kuna vichwa. Betri ikichoka, picha inaanza kujikunja kutoka pembeni, Mzee Ojwang', yule mchekeshaji wa Vitimbi, anakuwa mdogo kama kiganja, halafu kinabaki kitone cheupe katikati. Mwisho wa kisa hatukuuona. Tuliubuni wenyewe wiki nzima, tukigombana njiani kwenda shule.

Sasa mtu anayeweza kusimamisha kisa aende kupika chai, atajuaje uchungu huo? Watoto wa bando mnacheka lafudhi tu, kilichokuwa kinachekwa hamkijui. Nauliza: umri ni kigezo au si kigezo?

Binti Kisauni
Shikamoo mzee. Nina miaka 21 na hilo la "watoto wa bando" limeniuma. Bando nanunua kwa pesa ya kusuka nywele, kuanzia asubuhi hadi vidole vinakufa ganzi. Sijapewa na mtu.

Na sitazami peke yangu. Natazama na nyanya yangu. Macho yake yamefifia, haoni sawasawa, kwa hiyo simu naiweka baina yetu kitandani, yeye anasikiliza, mimi namwambia nani kaingia, nani kanuna, nani kajificha nyuma ya mlango. Mama Kayai, mke wa Ojwang' kipindini, nyanya anamtambua kwa mguno tu, kabla ya neno la kwanza. Kuna siku nilichelewa kumwambia kilichotokea, akanipiga kofi la paja: "Sema, wee!" Na yeye ni mtoto wa bando?

Chaki Nyeupe
Mzee wa Molo umenigusa pabaya uliposema "lafudhi tu". Lafudhi haiendi na "tu". Benson Wanjau, aliyecheza Mzee Ojwang' kwa lafudhi ya Kijaluo, alikuwa Mkikuyu. Nilifundisha Siaya, kwa Wajaluo, miaka mingi, na wanafunzi wangu walinikatalia kabisa nilipowaambia. Mmoja alitaka tuwekeane dau. Mtu anaishika sauti ya watu wengine hadi wao wenyewe wanamdai kuwa ni wa kwao! Hiyo ni kazi ya miaka, ya sikio linalosikiliza sokoni, kwenye basi, msibani. Kama vijana wanacheka lafudhi, basi wanacheka kazi kubwa kuliko zote mle ndani.

Nyakwar Seme
Mwalimu, wewe unasema kazi. Ngoja nikwambie ilivyokuwa kwa mwenye lafudhi yake.

Kidato cha kwanza nilipelekwa shule ya bweni mbali na kwetu. Nilifungua mdomo siku ya kwanza kuomba ndoo, bweni zima likaanguka kicheko. Kuanzia hapo nikawa Ojwang'. Si rafiki, si adui, wote. Kila Vitimbi ikionyeshwa ukumbini, kesho yake nilikuwa naombwa niseme maneno ya jana "vile inatakiwa". Miaka minne. Jina langu nilikuja kulisikia tena siku ya kuchukua cheti.

Kwa hiyo mnapobishana nani shabiki wa kweli, mkumbuke kuna sisi tuliotazama kipindi kile kile, sebule zile zile, na tulicheka tukiwa tumeuma meno.

Mzee wa Molo
Pole sana ndugu. Lakini kipindi hakikuwa na nia mbaya. Sisi tulimpenda yule mzee kuliko wajomba zetu. Na mada yangu ni umri, jamani, si makabila. Turudi kwenye mada.

Nyakwar Seme
Wewe ndiye uliyeandika "mnacheka lafudhi tu". Mimi nimejibu ulichoandika.

Chaki Nyeupe
Na mimi usinifanye kama ndiye niliyekuzomea bwenini. Nimesifu ustadi wa msanii. Watoto wa shule wangekutafutia jina hata bila televisheni.

Nyakwar Seme
Wangenitafutia, ndiyo. Ila hili waliletewa tayari, limepikwa, linaonyeshwa nchi nzima. Wewe ni mwalimu, tofauti hiyo unaijua.

Mtoro wa Malindi, Unguja
Salaam aleikum. Nawasoma toka asubuhi. Huyo wa betri ya lori nampa pole, maana sisi Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi toka mwanzo wa miaka ya 1970, wakati bara ya Tanzania hakuna hata ya nyeusi na nyeupe. Wao wamekuja kupata stesheni zao 1994. Kwa hiyo kama kungoja ndiyo ushabiki, wa bara ndio washabiki wakubwa duniani.

Kuhusu lafudhi: mnakikumbuka kile kichekesho cha Uingereza, Mind Your Language? Darasa la usiku London, mwalimu Mr Brown anafundisha Kiingereza Mhindi, Mpakistani, Mtaliano, Mjapani, Mjerumani. Kila mmoja analo kosa lake. Ilionyeshwa miaka kumi na zaidi, ulimwengu mzima umecheka, hakuna aliyekufa.

Makorora Juu
Bwana Mtoro, hiyo TVZ yenu, televisheni ya Zanzibar, tulikuwa tunaishika huku Tanga kwa antena tuliyoifunga kwenye mwembe, na ikija upepo wa kusi mtu anapanda kuigeuza huku wenzake wanampigia kelele "hapo hapo, usiguse!" Mlikuwa na rangi, sawa, lakini tulikuwa tunatazama kitu kimoja. Msituhesabie maskini.

Mtoro wa Malindi, Unguja
Sijamwita mtu maskini. Nimetaja tarehe.

Makorora Juu
Umetaja tarehe kwa sauti ya mwenye nyumba. Yule aliyepanda mwembe ni marehemu baba yangu, na alipanda akiwa na kanzu.

Mama Pacha wa Minnesota
Nirekebishe jambo moja. Mind Your Language haikuonyeshwa miaka kumi na zaidi. Ilitengenezwa 1977 hadi 1979, basi. Iliyokuja 1986 ilikuwa ni kuifufua, na ile nayo haikudumu. Tuliiona miaka na miaka kwa sababu stesheni zetu zilikuwa zinairudia. Na ilikuwa inapendwa kabisa ilipokatwa: Michael Grade wa London Weekend Television aliisimamisha kwa sababu aliona inadhalilisha watu kwa mataifa yao. Nyakwar Seme, unayosema wewe waliyasema Waingereza wenyewe 1979.

Sasa umri. Huku Marekani binti zangu wana miaka 14 na kipenzi chao ni kichekesho cha I Love Lucy. Ilianza 1951, ikaisha 1957. Lucille Ball, aliyecheza Lucy, alizaliwa 1911! Kwa kanuni ya Mzee wa Molo, shabiki wa Lucy lazima awe ajuza wa miaka themanini na kitu. Na kwa nini wanangu wanaweza kuitazama? Zamani vipindi vingi vilikuwa vinarushwa moja kwa moja kutoka New York, na miji ya mbali inapata nakala mbovu iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha televisheni. Lucy na mumewe Desi Arnaz walikataa kuhamia New York. Wakapiga kwenye filamu ya sinema, milimita 35, kamera tatu kwa pamoja, watazamaji wamekaa mbele yao. Ilikuwa ghali, wakakubali kupunguziwa malipo, na wao wakabaki na haki ya vipindi. Ndiyo maana picha hadi leo ni safi.

Linganisheni na BBC. Kanda zilikuwa ghali, wakawa wanafuta za zamani warekodi mpya juu yake. Dad's Army, kipindi kilichopendwa Uingereza nzima, mpaka leo kina visa vitatu vya 1969 ambavyo havijapatikana. Visa hivyo mashabiki wake ni wale tu walioketi mbele ya televisheni jioni ile. Wakimalizika wao, vimekwisha. Hapo ndipo umri unapokuwa kigezo, mzee, na ni hasara, si sifa.

Makorora Juu
Na za Sauti ya Kenya je? Vichekesho vya kabla ya KBC viko wapi? Maana huko YouTube naona vya baadaye tu.

Nyakwar Seme
Kwa hiyo Waingereza waliona tatizo 1979, na sisi tukaendelea kuitazama hadi watoto wetu wakaikuta. Asante Mama Pacha. Mwalimu, umesoma?

Chaki Nyeupe
Nimesoma, na sikubaliani. Darasa la Mr Brown aliyekaa juu ni Mwingereza, na wote wengine wanakosea mbele yake. Vioja Mahakamani, kichekesho kingine cha KBC, haikuwa hivyo. Pale kila kabila lilipanda kizimbani kwa zamu yake, na hakimu hakubakiza mtu. Nimeona Waluhya wanamcheka Mluhya, mimi nikiwa mmoja wao, tumbo linauma. Tulikuwa tunachekana, hatuchekwi.

Nyakwar Seme
Wewe ulichekea sebuleni kwenu, katikati ya watu wako. Mimi nilikuwa peke yangu bwenini. Hiyo ndiyo tofauti, umri hauingii hapo hata kidogo.

Mzee wa Molo
Mada imetekwa. Nimeleta swali la heshima kuhusu watu waliokikuza kipindi na wanaokidandia leo, sasa naonekana adui wa Wajaluo. Mimi nilimlilia Mzee Ojwang' alipofariki 2013 kama nimefiwa na baba. Wangapi kati yenu vijana mlitoa hata chozi?

Binti Kisauni
Alifariki Julai 2015, mzee. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa shule ya msingi, na siku ile nyanya alikataa chakula cha usiku. Macho yake bado yalikuwa mazima wakati ule. Alikaa akitazama taarifa ya habari, ikaisha, akahama stesheni kuitafuta nyingine.

Sikusahihishi kwa kiburi. Lakini umesema sisi ni wageni.

Mzee wa Molo
Mwaka umenipotea, nimekubali. Kilio hakikunipotea.

Mama Pacha wa Minnesota
Na kabla ya hapo mnakumbuka alipougua macho? Watu walichanga mtandaoni ili atibiwe. Hata huku ughaibuni tulituma. Mtu aliyechekesha nchi nzima kwa miaka yote hiyo, kisha tunachangishana apate kuona. Hilo linaniudhi kuliko suala la nani shabiki.

Makorora Juu
Kwetu hali ni hiyo hiyo. Msanii akiugua ndipo unapoiona nyumba yake mara ya kwanza, kamera zimejaa mlangoni.

Nyakwar Seme
Mimi nilituma mia tano.

Chaki Nyeupe
Wewe?

Nyakwar Seme
Mimi. Nilikuwa kazini, ujumbe ukaja kwenye simu na picha yake, amekaa, anaangalia upande ambao kamera haipo. Nikatuma kabla sijafikiri. Yule mzee hakunifanyia kitu. Walionifanyia nawajua kwa majina, wengine ni marafiki zangu leo. Lakini sitasema lafudhi ile ilikuwa mzaha mtupu, na mtu asiniombe niseme.

Chaki Nyeupe
Sikuombi. Kama nilikukosea hapo juu, nisamehe. Nilikuwa najibu Molo, wewe ukaingia katikati nikakujibu kwa moto ule ule.

Mtoro wa Malindi, Unguja
Na mimi, Makorora, Mungu amrehemu mzee wa mwembe.

Makorora Juu
Amin.

Mzee wa Molo
Binti Kisauni, nina swali, na silileti kwa shari. Nyanya yako ni wa umri gani? Muulize kama anawakumbuka wachekeshaji Kipanga na Mzee Pembe wa Sauti ya Kenya. Hao ndio waliomtangulia Ojwang'. Anayewajua hao kwangu ni shabiki bila kuuliza.

Binti Kisauni
Nimemuuliza sasa hivi, nimemsomea ulivyoandika neno kwa neno. Amekaa kitako. Ametaja majina mengine matatu sijawahi kuyasikia, na ameanza kuigiza sauti ya Mzee Pembe, mate yanamtoka kwa kicheko, mpaka jirani amekuja kuuliza kuna nini.

Halafu ameniuliza, "Huyo baba anayeuliza, yeye mwenyewe aliwasikia redioni, au kahadithiwa?"

Mzee wa Molo
Mpe shikamoo yangu kwanza.

Mwambie sikuwasikia. Nilikuwa mdogo, na redio ilikuwa ya babu, hatukuruhusiwa kuigusa. Baba alikuwa akirudi kutoka kwa babu anatuigiza sauti zao wakati wa kula, Kipanga huku, Pembe kule, na mama anamwambia aache watoto wamalize ugali. Ndivyo ninavyowajua.

Muulize yale majina matatu ni ya nani. Uyaandike hapa.