Homer na jiko lake: nani anachekwa, wasanii au wauzaji?

Kipanga: Wadau, nimerudia ile sehemu ya katuni ya Marekani The Simpsons ya 1999, "Mom and Pop Art". Homer, yule baba wa familia, anajenga jiko la kuchomea nyama uani, saruji inamshinda, vipande vinagandiana ovyo. Akiwa analikokota, linachomoka na kugonga gari la muuza sanaa, naye anasema hiyo ni kazi ya sanaa! Mzee Burns, bosi wake tajiri, analinunua. Kwangu hapo wamemaliza: sanaa ya kisasa ni utapeli. Nani anabisha?

Bi Shuu: Nabisha. Kazi zake zilizofuata zilikataliwa. Kinachochekwa ni soko linalotaka kipya kila wiki. Jasper Johns mwenyewe, yule aliyechora bendera ya Marekani miaka ya 1950, aliweka sauti yake humo, akaonyeshwa akidokoa vitu vya watu. Angeona anadhalilishwa, angekubali?

Kipanga: Na Marge, mke wa Homer, je? Amejifunza kuchora, ana kipaji, hakuna anayemtazama. Asiyesomea ndiye anaibuka kwa bahati, kama Tingatinga na wanyama wake wa madoadoa.

Mtoto wa Msasani: Hapo umevuka mpaka, mkuu. Homer alishindwa kujenga jiko. Edward Saidi Tingatinga alikusudia kila doa. Alianza 1968 kwa rangi za baiskeli na hadibodi, vitu alivyovimudu. Nenda Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, usimame nyuma ya mchoraji. Anapaka rangi ya chini, anaacha ikauke, ndipo anadonoa doa mojamoja kwa ncha ya brashi. Mkono ukitetemeka, anafuta.

Kipanga: Nimemtukana nani? Nimesema hakusomea. Uongo?

Mtoto wa Msasani: Umesema "kwa bahati". Alipigwa risasi na polisi 1972, walimdhania mhalifu. Hata matunda ya jina lake hakuyala. Bahati gani hiyo?

Lulu: Mungu amrehemu. Lakini siku hizi kila kibanda twiga yuleyule na Kilimanjaro uleule, vya watalii.

Mtoto wa Msasani: Dada Lulu, yule mchoraji ana kodi na ada za watoto. Mgeni akiagiza twiga, amfukuze?

Bi Shuu: Jamani, mada ni Homer! Mbona hamsemi pale alipofurisha mji mzima maji na watu wakaogelea kwa furaha? Ile waliipenda bila muuza sanaa kuwaambia.

Kipanga: Subiri kwanza, mama. Lulu, ukutani kwako kuna nini?

Lulu: Kalenda ya benki. Nikikuta mchoro wa daladala imejaa, nanunua leo.

Mtoto wa Msasani: Wapo wanaochora mitaa, soko, hadi wodi ya hospitali. Njoo Jumamosi nikupeleke. Na Kipanga naye aje, afute kauli mbele yao.

Kipanga: Kuja nitakuja. Kufuta, sifuti.