Tupeane uzoefu: Kingo zenye meno kwenye gemu za PC, wewe umetulia na setingi ipi?

Habari za jioni wakuu,

Kila wiki mtu anauliza AA (anti-aliasing, setingi ya kulainisha kingo) ipi ni bora, anajibiwa kwa herufi tu: weka MSAA, zima FXAA, washa TAA. Hakuna anayemuuliza anacheza nini, kwenye kioo cha ukubwa gani, na hayo meno anayaona wapi. Anaondoka na herufi zake, kesho anarudi na swali lilelile. Leo naomba tuelezane kwa visa: gemu, mashine, kilichokukera, ulichofanya.

Naanza mimi. Nina kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti ya GB 4 na monita ya inchi 24, 1920 kwa 1080. Gemu yangu ni GTA V. Kinachonikera Los Santos, mji wa gemu hiyo, ni nyaya za umeme. Ukiendesha gari, waya unakatika vipande vipande na vipande vinachezacheza kama meno ya msumeno unaokata mbingu. Sababu yake ni kwamba pikseli moja hubeba rangi moja. Waya ukipita mshazari, kadi lazima iamue: hii ni ya waya au ya mbingu? Nusu kwa nusu hakuna.

FXAA haichori kitu upya. Inangoja picha ikamilike, inatafuta mahali rangi zinapogongana, inapaka hapo. Fremu (idadi ya picha kwa sekunde) haili, lakini waya uliokwisha kukatika haiwezi kuuunga. MSAA inapima kila pikseli kwenye nukta kadhaa, kwa hiyo hata waya mwembamba una nafasi kubwa zaidi ya kuguswa na nukta mojawapo. Mimi nimetulia na MSAA x2 (nukta mbili kwa pikseli), FXAA ikiwa imewashwa juu yake. x4 inapendeza mjini, ila ukitoka kwenda Blaine County kwenye majani, kadi inahema. Ikibidi uchague, shusha ubora wa majani kabla ya kushusha MSAA. MSAA ya vitu vinavyoakisi nimeizima kabisa. Mwenye muda wa kuchunguza madimbwi ya maji aiwashe.

Karibuni.

Mzee wa Semi:
Mkuu, umegusa penyewe. Mimi ni Euro Truck Simulator 2 tu, mengine siyajui. Huko shida ni kingo za barabara kwa mbali, mistari myeupe, na zaidi ya yote vioo vya pembeni. Dereva wa lori anaishi kwenye vioo. Ukiona gari la nyuma limegeuka vumbi la pikseli, utabadilisha njia vipi?

Dawa yangu ni skeli. Gemu inakuruhusu kuipandisha hadi asilimia 400, maana yake kadi inachora picha kubwa kuliko kioo chako kisha inaibana irudi saizi. Hakuna ujanja mwingine unaoufikia kwa usafi, kwa sababu kila kitu kinachorwa kwa wingi: kingo, majani, maandishi ya vibao. Gharama nayo haina huruma. Kuchora 3840 kwa 2160 kwa ajili ya kioo cha 1920 kwa 1080 ni pikseli milioni 8.3 badala ya milioni 2.07, mara nne kamili. Mimi nimeishia katikati, na nimepandisha pia ubora wa vioo. Vivuli nimeviacha chini. Sijawahi kupeleka mzigo kwa kutazama kivuli.

Binti Tandika:
Jamani na sisi wa laptopu tusemwe. Yangu ni ya mtumba, grafiki ya Intel iliyo ndani ya prosesa, kioo inchi 15.6 cha 1366 kwa 768. Gemu mpya sigusi. Nacheza za zamani na za PSP, ile mashine ya mkononi ya Sony, kupitia PPSSPP, programu inayoziendesha kwenye kompyuta.

Kwenye PPSSPP msihangaike na AA. PSP yenyewe ilikuwa inachora 480 kwa 272, ndiyo maana ukifungua mpira wachezaji wana magoti ya pembe. Nenda kwenye setingi za grafiki, pandisha resolusheni ya kuchora iwe mara 2 au mara 3. Meno mengi yanaondoka hapo hapo. Mara 3 ni 1440 kwa 816, tayari imezidi kioo changu, sioni haja ya kwenda mbele. Ila namba za mchezaji mgongoni na uso wake vitabaki na ukungu, kwa sababu hizo ni picha zilizobandikwa, na zenyewe zilitengenezwa ndogo.

kamanda_B:
Mimi nazima yote. Fremu kwanza.

Risasi Moja:
@kamanda_B kaka, kwenye Counter-Strike 2 nakupinga. Nilikuwa na mawazo kama yako. Lakini kichwa cha adui kwa mbali kule kwenye ramani ya Dust II ni pikseli chache tu, na bila AA zinawakawaka zikichanganyika na ukingo wa ukuta. Macho yanachelewa. MSAA x4 inakupa ukingo uliotulia, kichwa kinaonekana kichwa. Kama mashine haiwezi, kuna AA nyingine humohumo, CMAA2, nyepesi sana. x8 sioni tofauti nikiwa nacheza, naiona nikisimama tu, na nikisimama nakufa.

Salim wa Pwani:
Salaam ndugu zangu. Mimi naja na lingine kabisa. Kabla hamjagusa AA, tazameni hicho kioo chenyewe.

Wengi twaunganisha kompyuta kwenye TV ya sebuleni. TV ya inchi 32 yenye 1366 kwa 768 ina pikseli 49 hivi kwa kila inchi. Laptopu ya dada hapo juu, kwa idadi hiyohiyo ya pikseli, ina 100. Meno yaleyale, kwenye TV ni makubwa maradufu. Ukikaa karibu, hakuna setingi itakayokuokoa. Vuta kiti nyuma.

Kisha ingieni kwenye menyu ya TV mshushe ile "Sharpness", na mchague hali ya PC au Game kama ipo. TV nyingi hutoka zikiwa zimenoa picha kupita kiasi, zinachora kijistari cheupe kando ya kila ukingo. Mtu anaongeza AA upande wa gemu, TV inanoa tena upande wa pili, mabishano hayaishi. Na mhakikishe gemu inatoka kwa resolusheni halisi ya kioo. Ikitoka ndogo ikavutwa, meno yanakuwa mapana na AA haihusiki.

Msafiri Muscat:
Red Dead Redemption 2, na hapa mnisikilize vizuri kwa sababu ushauri wa "tumia MSAA" ukija huku unaumiza.

Gemu nyingi za sasa hupiga hesabu ya mwanga baadaye, baada ya vitu kupangwa, na kwa mtindo huo MSAA inakula kadi vibaya. Tena haigusi matatizo yenyewe. Jani la mti kwenye gemu mara nyingi ni kipande bapa chenye matundu ya picha. MSAA ya kawaida inalainisha ukingo wa kile kipande, siyo matundu. Nilipozima TAA, miti na nywele za Arthur, mhusika mkuu, ziligeuka nukta nukta. Zilichorwa zikiitegemea.

TAA inasogeza kamera kidogo sana kila fremu, chini ya upana wa pikseli moja, kisha inachanganya fremu zilizopita na ya sasa. Ukisimama, picha ni safi. Farasi akitimka, inachanganya na vitu ambavyo havipo tena pale, ndiyo ukungu na mikia mnayolalamikia. Kwa 1080p (1920 kwa 1080) ukungu huo unaudhi kweli. Nilihamia monita ya 1440p ukapungua sana, na DLSS (ya kadi za NVIDIA RTX, inachora picha ndogo kisha inaikuza kwa AI) iliyoongezwa mwaka 2021 ikamaliza sehemu kubwa iliyobaki. Kwa wasio na RTX, pandisheni kidogo TAA Sharpening, kidogo tu.

Binti Tandika:
Na wenye GTX je? DLSS hawana, ile FSR ya AMD ya kukuza picha inafaa?

Msafiri Muscat:
FSR 1 na 2 hazidai kadi za RTX, dada, lakini angalia ni ya ngapi. FSR 1 ya mwaka 2021 inakuza tu picha iliyopewa. Ukiipa yenye meno, inakuza na meno. Lazima AA iwe imewashwa kwanza. FSR 2 inatumia fremu zilizopita, kwa hiyo inalainisha yenyewe. Kwa kioo cha 1080p usishuke chini ya hali ya Quality, hiyo tayari inachora 1280 kwa 720. Performance ni 960 kwa 540, nyasi zinachemka.

Na ukiiwasha ukaona mstari wa TAA kwenye menyu umefifia haubonyezeki, gemu haijaharibika. FSR 2 imechukua kazi yake.