Tupeane uzoefu: jimbo lilipoweka kikomo cha magazini, wenye bunduki walipinga vipi?

Mleta mada
Wakuu, hasa mlioko Marekani. Kila msimu wa bunge la jimbo haukosi mswada wa magazini: huku wanataka mwisho risasi 10, kule 15. Wenye silaha wanajaa ukumbini kupinga, mara wapate, mara wakose. Tuwekeni hapa jimbo kwa jimbo: mswada ulisemaje, walipinga kwa hoja gani, walijikwaa wapi. Ushabiki wa vyama uacheni mlangoni.

Mchele wa Mbeya
Mimi nilidhani mnaongelea magazeti. Magazini ndiyo dude gani?

Fundi Springi
Ni kile kikasha kinachochomekwa kwenye kishikio cha bastola au tumboni mwa bunduki. Kina vitu vinne: ganda, springi, kibao kinachosukuma risasi juu, na kifuniko cha chini. Bastola ya Glock 17 hutoka kiwandani na magazini ya risasi 17, Glock 19 ya 15, bunduki ya AR-15 kwa kawaida ya 30. Ndiyo maana ukisema "magazini za ujazo mkubwa" mbele yao wanakurukia. Kwao ya 17 ndiyo ya kawaida, na ya 10 ndiyo iliyopunguzwa.

Shika neno kifuniko cha chini. Vita vingi vimeanzia hapo.

Mkazi wa Milimani
Fundi umenikumbusha Colorado 2013. Mswada ule, HB 1224, uliweka kikomo cha 15 kuanzia Julai 1, 2013. Namba yenyewe wengi wangeimeza kwa shida. Kilichowatoa watu nyumbani ni maneno machache: sheria iligusa pia magazini "iliyoundwa ili iweze kubadilishwa kirahisi" kupokea zaidi ya 15. Sasa kifuniko cha chini hutoka ili usafishe ndani, na viwandani wanatengeneza vifuniko virefu vya kuongeza risasi. Ukisoma neno kwa neno, hata magazini ya risasi 10 yenye kifuniko kinachotoka inaingia humo. Ikabidi Mwanasheria Mkuu wa jimbo atoe mwongozo kwamba kifuniko kutoka tu hakutoshi kuifanya haramu.

Kizingiti cha pili kilikuwa magazini za zamani. Ulizokuwa nazo kabla ya tarehe ile ziliruhusiwa, mradi umezimiliki mfululizo. Lakini ganda la zamani halina tarehe. Ukidai ni yako ya siku nyingi, mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wa mwendesha mashtaka. Masherifu zaidi ya 50 walikwenda mahakamani wakisema sheria haitekelezeki.

Matokeo yake: kampuni ya Magpul, watengenezaji wa magazini, iliyokuwa mji wa Erie ilihamisha uzalishaji Wyoming na makao makuu Texas. Septemba 10, 2013 wapiga kura wakawaondoa maseneta wawili wa jimbo, John Morse na Angela Giron, kabla ya muda wao. Haikuwahi kutokea Colorado. Na sheria? Ipo mpaka leo. Mahakama Kuu ya jimbo iliiunga mkono 2020.

Dada wa Aurora
Nakazia. Namba inapigiwa kelele, kifungu cha ufafanuzi ndicho kinachofunga watu.

Jirani wa Buffalo
New York walifanya kichekesho zaidi. Januari 2013 gavana alisaini sheria: magazini mpya mwisho 7, na za zamani za 10 usipakie zaidi ya 7. Swali likaja, nani anatengeneza magazini ya risasi 7? Ukitoa bastola za aina ya 1911 na nyingine ndogo, karibu hakuna. Na sheria ilipitishwa haraka, ikasahau hata kuwatoa polisi kwenye kikomo. Wakarudi kurekebisha: ya 10 unanunua, ila unajaza 7. Desemba 31, 2013 jaji wa shirikisho akaifuta ile 7, na rufaa ya 2015 haikuirudisha. Ya 10 ikabaki.

Mchele wa Mbeya
Yaani unanunua debe halafu unaruhusiwa kujaza robo tatu 😂

Pwani ya Magharibi
Haya yote ni chai. Ngojeni California 2019.

Tangu Januari 1, 2000 kuuza, kutengeneza au kuingiza magazini ya zaidi ya 10 ni marufuku California. Za zamani watu walibaki nazo. Novemba 2016 wapiga kura wakapitisha Pendekezo la 63: hata kumiliki basi, mwisho Julai 1, 2017. Siku mbili kabla, jaji Roger Benitez wa San Diego akaisimamisha. Halafu Ijumaa, Machi 29, 2019, akatoa hukumu kamili katika kesi iitwayo Duncan: sheria inakiuka Katiba, na amri yake ya kuizuia sheria inaanza hapo hapo. Hakuweka muda wa kusubiri.

Fikirieni maana yake. Mlango uliofungwa miaka 19 umefunguka ghafla na hakuna anayejua utafungwa saa ngapi. Maduka ya majimbo mengine yakaanza kutuma California usiku uleule, mengine yakagoma kwa kuogopa. Rafu zikakauka. Jimbo likaomba hukumu isimamishwe, na Benitez mwenyewe akarudisha katazo la kununua kuanzia Ijumaa, Aprili 5, saa 11 jioni, lakini akasema walionunua katikati hapo wasiguswe. Wenyewe wanaiita Wiki ya Uhuru. Kosa lililowaponza wengi ni kuchanganya kuagiza na kupokea, na kutupa risiti. Risiti yenye tarehe ndiyo ngao.

Kuanzia hapo ni bembea. 2020 jopo la majaji watatu wa rufaa likamuunga mkono, 2 kwa 1. 2021 jopo la majaji 11 likampindua, 7 kwa 4. Juni 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ikairudisha chini baada ya hukumu yake ya Bruen, iliyotaka sheria za silaha zilingane na desturi za kihistoria. Septemba 2023 Benitez akaifuta tena. Machi 2025 jopo likampindua tena, 7 kwa 4 vilevile.

Kobe wa Tampa
Weweee! Kumbe saa 11 jioni kama benki?

Dada wa Aurora
Ile ya 2025 si ndiyo jaji VanDyke, mmoja wa wale wanne waliopinga, alirekodi video ofisini kwake akifungua bastola kuonyesha kwamba ukiita magazini "nyongeza tu", basi karibu kila kipande ni nyongeza?

Pwani ya Magharibi
Ndiyo. Wenzake wengine walikasirika, wakasema jaji hawezi kujigeuza shahidi.

Mkweli Mchungu
Mnafurahia tu. Dayton, Agosti 2019: sekunde 32, risasi 41, watu 9 wamekufa, magazini ya duara ya 100. Tucson 2011: magazini ya 33, na muuaji alidhibitiwa alipokuwa anabadilisha. Hiyo sekunde ya kubadilisha ndiyo sheria inatafuta.

Fundi Springi
Na chuo cha Virginia Tech 2007, watu 32 waliuawa, magazini za 10 na 15. Alibeba nyingi tu.

Mkweli Mchungu
Hujajibu Tucson.

Fundi Springi
Na wewe hujajibu Virginia Tech.

Jirani wa Buffalo
Wapinzani wenyewe Tucson huwakwama kooni, tuseme ukweli. Wanapoteleza zaidi ni ile namba ya 2.2, wastani wa risasi za kujihami unaoletwa na mashahidi wa serikali. Wanajibu kwa hasira badala ya kuuliza wastani umetokana na matukio gani. Ulitokana na habari zilizokusanywa na chama cha wamiliki wenyewe, si rekodi kamili za polisi. Hoja imekaa mezani, hawaichukui.

Mleta mada
Wawili nyie, salamu zenu zimefika. Turudi kwenye mada.

Mvua za Seattle
Washington: kuuza zaidi ya 10 ni marufuku tangu Julai 1, 2022, kumiliki ulizonazo ruksa. Aprili 8, 2024 jaji wa Kaunti ya Cowlitz akaifuta. Watu wakakimbilia duka la Kelso lililokuwa kwenye kesi. Dakika kama 90 baadaye Mahakama Kuu ya jimbo ikaisimamisha hukumu hiyo. California walipewa wiki, sisi tukapewa muda wa kuchemsha maharage. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaihalalisha, 7 kwa 2.

Wanaotaka kupinga mswada hapa: huhitaji kusafiri hadi bungeni Olympia. Unajiandikisha mtandaoni "kupinga" hata bila kusema neno, mwisho saa moja kabla kikao hakijaanza. Ukipewa kusema ni dakika chache, pengine moja. Usianze na Katiba, wameisikia asubuhi nzima. Chukua kifungu kimoja, uliza: mrithi wa marehemu atafanya nini na magazini hizi?

Kobe wa Tampa
Anza na Katiba bwana! Bila hiyo unabaki unalalamikia springi.

Bonde la Richmond
Virginia 2020 walileta umati na pia wakafuata wabunge ofisini. Januari 20 watu kama 22,000 walizunguka bunge Richmond. Mswada wa HB 961 ulitaka mwisho 12. Februari 17 kamati ya Seneti ikauweka kando, 10 kwa 5, na Wademokrati wanne walipiga kura ya kuuzuia. Umati ulionekana, ila kura zile nne zilitafutwa moja moja ofisini.

Mvua za Seattle
Vermont 2018 Magpul walileta magazini 1,200 za risasi 30 zigawiwe bure kwenye maandamano. Gavana akausaini mswada wa kikomo vilevile.

Fundi Springi
Kuna swali wabunge hawapendi: risasi 10 za aina gani? Kwenye ganda la AR la risasi 30 za kawaida, za .458 SOCOM zinaingia kama 10 tu, maana ni nene na hazipangiki mistari miwili. Ganda moja, majibu mawili. Bomba la shotigani nalo hubadilika ukitumia risasi fupi.

Kaka wa Newark
New Jersey ndiyo wakali, maana wanagusa umiliki. Kikomo cha 15 tangu 1990, kikashuka 10 mwaka 2018, siku 180 za kujipanga, mwisho Desemba. Njia tatu: kabidhi, mpe au muuzie anayeruhusiwa kumiliki, au ipunguze kabisa isirudi. Bomba la risasi ndogo za .22 lililoshikana na bunduki limesamehewa.

Kupunguza watu wanakosea. Kizuizi cha ndani bila ribiti au epoksi hakihesabiki, kinatoka. Kikiwa kifupi inaingia ya 11, na hiyo moja ni kesi. Kikiwa kirefu springi inabanwa hadi mwisho, kibao kinalala upande, silaha inakwama. Pima kwa risasi za bandia: 10 ziingie, ya 11 ikatae, kisha uichomeke bolti ikiwa imefungwa. Isipoingia bila kuipiga ngumi, umebana mno.

Dada wa Aurora
Mambo yote hayo ya nini? Nunua ya 10 ya kiwandani, hizo uza nje ya jimbo.

Kobe wa Tampa
Au hamia Florida.

Mgeni wa Houston
Swali wakuu: mtu anahama Houston kwenda Newark, ana Glock 17 na magazini tatu za 17. Afanyeje?

Kobe wa Tampa
Asihame.

Kaka wa Newark
Magazini aziache au aziuze hukohuko Texas, anunue za 10. Asijidanganye na sheria ya shirikisho ya kusafirisha silaha: maneno yake yanataja bunduki na risasi, magazini haijatajwa kwa jina, na inamlinda anayepita kwenda kwingine anakoruhusiwa, yeye anafikia hapa. Risasi zenye tundu kichwani nazo aulize kabla: nyumbani anaweza kuwa nazo, kutembea nazo kuna masharti.

Mgeni wa Houston
Na kibegi chenye springi na vifuniko vya akiba?

Kaka wa Newark
Hicho akamuulize wakili, tena kabla hajapakia gari.