Kidonda cha kulalia cha mama: nidai nini kituoni?

BintiWaMwisho
Habari zenu. Mama ana miaka 81, amepooza upande wa kulia, na huu ni mwezi wa nne yuko kwenye kituo cha kutunzia wazee. Jumapili nilimgeuza mwenyewe ili nitandike shuka, nikakuta kidonda juu ya makalio, pale mfupa ulipojitokeza. Ncha ya kidole changu kidogo inaingia. Kinanuka. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Kijana anayemhudumia anasema wanakiosha kila siku kwa ile dawa inayotoa povu, na nesi huja mara moja kwa wiki. Mimi si mtu wa hospitali. Nidai nini? Usingizi sipati.

NesiWaUsiku
Pole sana, mwanangu. Nimefunga vidonda vya wagonjwa wa kitandani miaka 22. Kidonda chenye shimo na harufu hakiachwi mikononi mwa mhudumu peke yake. Muuguzi aje akione leo, asisubiri zamu yake ya wiki. Mama akipata homa au akianza kuchanganyikiwa ghafla, apelekwe hospitali moja kwa moja, kwa sababu maambukizi yanaweza kuingia kwenye mfupa au kwenye damu.

Dawa ya povu iachwe. Inaunguza hata nyama changa inayoota. Kwa kuoshea, maji ya chumvi ya hospitali yanatosha.

Halafu omba uone kumbukumbu za kidonda: urefu, upana na kina kwa sentimita, angalau kila wiki. Anayejua kupima hupitisha kijiti safi chenye pamba taratibu chini ya kingo, maana mara nyingi kuna mfuko humo. Juu utaona tundu la sarafu, kumbe ndani limefika upana wa kiganja. Nimeona vidonda vikiandikwa "kinaendelea vizuri" wiki tano mfululizo bila mtu kupima. Hilo linaniuma mpaka leo.

Uliza pia anageuzwa saa ngapi. Nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, ikafa. Wengi huhitaji kugeuzwa kila baada ya saa 2, usiku pia. Alazwe kiubavu kidogo, kama nyuzi 30, mto ukiwa mgongoni. Akilala ubavu kabisa, nyonga nayo itaumia. Godoro la hewa husaidia, lakini halimgeuzi mtu.

MlinziWaBaba
Dada, naongeza mawili. Baba alikuwa analia kila akifungwa kidonda, kwa hiyo walikuwa wanakiosha harakaharaka. Tulipoomba apewe dawa ya maumivu nusu saa kabla, kazi ikaanza kufanyika sawasawa.

La pili ni chakula. Waliandika "amekataa kula", kumbe sahani ilikuwa inawekwa upande wake uliopooza. Kidonda hakijengeki bila protini. Sisi tuliambiwa gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ila kama figo zake zina shida, muulize daktari kwanza.

BintiWaMwisho
Mungu awabariki. Nesi amekuja leo, nimesimama pale akipima: sentimita 4 kwa 3, kina 2, na mfuko wa sentimita 3 kuelekea kushoto. Kesho daktari anakuja kuondoa nyama iliyokufa. Ratiba ya kumgeuza imebandikwa ukutani. Lakini tulipomfunua tumekuta kisigino cha kulia kimekuwa cheusi kuliko ngozi yake, cha moto na kinabonyea. Hakijachanika. Nikichue?

NesiWaUsiku
Usikichue hata kidogo, kuchua kutazidi kuharibu nyama ya chini. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo hivyo ulivyogusa ndivyo inavyotakiwa. Weka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kielee bila kugusa godoro. Kisha mwite nesi aliyekuja leo akiandike nacho kabla hajaondoka.