Wakata miti na wang'oa visiki, tupeane uzoefu

Kabari:
Wakuu, tunaoangusha miti majumbani tukutane hapa. Mimi napiga kazi Dar, upande wa Goba na Mbezi. Kuangusha mti hakunisumbui, kinachonitoa jasho ni kisiki. Mteja anakuita "kukata mti", mnaelewana bei, ukishamaliza anakuonyesha chini: "Na hicho si unatoa, fundi?" Siku hizi natenganisha: kuangusha na kukatakata bei yake, kisiki bei yake, kubeba matawi bei yake. Na kuni ni za nani? Hilo liulizwe kabla msumeno haujawashwa. Wengine mnafanyaje?

Tupa Bapa:
Adui yangu misumari. Mwarobaini wa kando ya barabara umebeba vibao vya waganga na madalali miaka nenda rudi, gome limeshafunika kila kitu. Unaingiza msumeno, unasikia kriii, cheche zinaruka, ukizima na kuangalia meno ya mnyororo yamelika. Hapo ni kupiga tupa jino moja moja huku mteja anakuuliza mbona umekaa. Nikiona gome limevimba au lina kovu, nahamia juu au chini yake. Waya wa kuanikia nguo uliozama ndani ya shina ni mbaya zaidi, maana umezunguka.

Mpanda Juu:
Mie ni nyaya. Mwembe umekumbatia laini ya umeme, bosi anakwambia "tawi dogo tu hilo, pitisha panga". Sipandi mpaka TANESCO wazime. Tawi bichi linapitisha umeme, kamba iliyolowa nayo vilevile. Kuna kazi niliikataa, akaitwa kijana mwingine, tawi likalalia nyaya na mtaa mzima ukalala giza. Dogo alipona, ila bosi alimruka kimanga: "Mimi sikumtuma." Mapatano yalikuwa ya mdomo, atamshika wapi?

Dada wa Milingoti:
Huku Mufindi hadithi ni nyingine. Mlingoti, yaani mkaratusi, ukiukata unachipua, na mwenye shamba la nguzo anafurahi: anabakiza machipukizi machache yaliyonyooka, anangoja mvuno mwingine. Anayelia ni aliyeamua kuhamia kwenye parachichi. Kung'oa visiki shamba zima ni pesa ndefu. Sisi tunabandua gome lote la kisiki mpaka chini ya usawa wa udongo, na kila chipukizi linalotokea tunalivunja lingali laini. Wanaochoma moto wawe macho. Moto wa kisiki unatambaa na mizizi chini kwa chini, wewe umeshalala, unaibukia kwenye majani makavu ya jirani.

Mzee wa Mtaimbo:
Vijana mnajitesa kwa sababu mnakata kwanza. Kama uwanja upo, chimba mti ukiwa umesimama. Funga kamba juu, ivutwe upande unaotaka ulale. Zungushia shimo, kata mizizi ya pembeni, halafu vuteni. Uzito wa mti wenyewe ndio unaong'oa kisiki. Huku Tanga minazi tunaitoa hivyo, mizizi yake ni mingi lakini myembamba. Uwe na mashoka mawili: zuri la shina, na kuukuu la mizizi, maana mchanga unakula makali. Na ukiona ardhi inaanza kupasuka ng'ambo ya shimo, toka humo mara moja, shoka liache.

Kabari:
Shikamoo mzee. Na pakiwa pamebana? Nina mwembe hapa, huku ukuta, huku chemba ya choo.

Mzee wa Mtaimbo:
Marahaba. Hapo shusha matawi kwa kamba, moja moja, ila shina usilikate chini kabisa. Bakiza kimo cha mtu, ndio mpini wako wa kulitikisa ukishakata mizizi. Likigoma, pasua kisiki kwa kabari na nyundo, toa vipande. Mzizi ulioingia chini ya ukuta ukate usawa wa msingi, usiuvute, utaondoka na tofali. Chemba itafute kwanza, ujue mfuniko uko wapi kabla hamjasimama juu yake. Na bei usitaje kwenye simu. Kachimbe kidogo uone udongo, mfinyanzi wa kiangazi na mchanga si kazi moja.

Kabari:
Bei nilishataja jana, mzee. Kwenye simu.

Tupa Bapa:
😂😂 Kuni angalau ni zako?