Msitu wa serikali, doria ya bure: tuendelee au tuache?

Mkulima wa Iliki (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naleta jambo linalotugawa kijijini kwetu, huku milima ya Usambara Mashariki, na mkutano mkuu wa kijiji uko karibu.

Nina miaka sita kwenye kamati ya maliasili. Msitu tunaopakana nao si wa kijiji, ni hifadhi ya serikali kuu, sisi tunashirikishwa kuulinda. Doria mara mbili kwa wiki, watu wanane, tunatoka alfajiri na kurudi jua limeshapinda. Buti nilipewa mara moja, soli ikaachia mwaka wa pili, tangu hapo nakwenda na katambuga. Mwaka juzi tuliwakuta wapasua mbao wameshaangusha mti mkubwa wa mtambara na jukwaa la kupasulia wamelisimamisha. Mwenzetu alikatwa panga mkononi. Hela ya hospitali tulichangishana wenyewe. Mbao zikabebwa na ofisi husika, tukasikia zimepigwa mnada. Zimeuzwa bei gani, hatukuambiwa hadi leo.

Sasa vijana wamegoma: hakuna posho, hakuna doria. Wazee wanasema msitu ndio unaotupa mvua na chemchemi, ukilipwa kulinda maji yako mwenyewe ni aibu. Mimi siombi mshahara. Kinachonikera ni hilo neno "kujitolea". Anayejitolea ni mtu ambaye angeweza kukataa. Sisi zamu zinaandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na asiyekwenda anatozwa faini. Hapo nani amejitolea?

Bwana Misitu Mstaafu

Mwanangu, pole na kazi. Mimi nilianza misitu kabla ya Sera ya Misitu ya 1998, wakati mwanakijiji aliyeonekana msituni tulimchukulia kuwa mwizi mpaka athibitishe vingine. Mlivyo leo ni hatua kubwa.

Ila nikuambie nilichokiona kwa macho yangu. Ulikuja mradi wilaya niliyokuwa, ukaanza kulipa posho ya doria. Watu wakajaa, hata waliokuwa hawajui msitu uko upande gani. Mradi ukafungwa, na doria ikafa mwezi uleule. Kibaya zaidi, hata wale wazee waliokuwa wakienda bure kabla ya mradi nao walikataa kurudi. Posho iliwafundisha kwamba ile kazi ni ya mtu mwingine.

Tazameni Shinyanga. HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilianza 1986 kwenye ardhi iliyokuwa jangwa linalonyemelea. Wasukuma wakarudia ngitili zao, yaani malisho yanayofungwa kwa msimu, wakayafunga miti iote, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 uoto uliorudi ulihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta. Nani alilipwa posho kulinda ngitili? Mnaotaka posho semeni kwanza: mwaka wa kumi itatoka mfuko gani?

Kijana wa Kilwa

Mzee, shikamoo. Huo mfano wa ngitili unakuumbua mwenyewe. Ngitili ina mwenyewe, iwe ya kaya au ya kijiji. Mtu anafunga majani wakati wa masika ili ng'ombe wake wale kiangazi. Huyo halindi kwa moyo wa kujitolea, analinda chakula cha ng'ombe wake. Mleta mada halindi majani ya ng'ombe wa mtu yeyote anayemjua.

Watu wanachanganya vitu viwili hapa. Sheria ya Misitu ya 2002 inatambua msitu wa hifadhi ya kijiji, uliopo kwenye ardhi ya kijiji: kijiji kinatunga sheria ndogo, kinapanga uvunaji, kinauza, na ushuru unabaki kijijini. Halafu kuna usimamizi wa pamoja kwenye msitu wa serikali. Huko unasaini mkataba na mwenye msitu, na mgawo wa mapato ndio pale pale watu wanapoanza kutazama dari.

Kwetu Kilwa ni aina ya kwanza. Kikole ni kati ya vijiji vilivyopata cheti cha FSC, cha kimataifa cha msitu unaovunwa bila kuuharibu, mwaka 2009, mpingo ukauzwa kihalali, hela ikaingia akaunti ya kijiji. Wanaokwenda doria wanapewa chochote kutoka humohumo. Mzee anauliza mwaka wa kumi itatoka wapi: itatoka kwenye mti. Mti ukiisha na hela imeisha, kwa hiyo hata mvivu ana sababu ya kuamka.

Mama wa Kitongoji cha Juu

Naona mnajadili wanaume watupu, nami niingie. Mume wangu yumo kwenye kamati. Siku akienda doria shamba linalimwa na nani? Mimi. Kuni je? Msitu umefungwa, ruhusa ni siku mbili kwa wiki, kuni zilizokauka tu, bila panga. Siku hizo zikigongana na mnada au msiba, wiki hiyo tunapikia mabua.

Kwa hiyo mnaposema "wanakijiji wanajitolea", hesabuni vizuri. Mwenye duka hajitolei chochote, yeye anapikia gesi. Mwenye ng'ombe wa zizini anamtuma kibarua. Anayejitolea kweli ni yule asiye na kitu, tena kwa vitu viwili: siku zake na kuni zake. Wanawake tumo kwenye kamati, viti vyetu vipo, ila doria ikija tunaambiwa ni hatari bakini, na posho ya semina ikija tunaambiwa orodha ilishajaa.

Mchoma Mkaa wa Zamani

Niseme ukweli kwa sababu nimeshaacha. Nimechoma mkaa miaka minne kwenye msitu wa hifadhi si mbali na Dar. Walinzi wa kujitolea nawajua kwa majina. Mara ya kwanza walininyang'anya baiskeli, sikupewa risiti, na baiskeli niliiona baadaye inaendeshwa na shemeji wa mmoja wao. Baada ya hapo nikaelewa mchezo. Kila tanuru nililofukua niliwatengea gunia moja. Doria zilipita, wakanisalimia, wakaendelea.

Sisemi wote wako hivyo. Nasema mtu akishinda njaa analinda mali yenye bei, mtamlipa ninyi au nitamlipa mimi. Na mimi nilikuwa nalipa kwa wakati.

Bwana Misitu Mstaafu

Huyu mchoma mkaa amenichoma kweli. Lakini ndugu yangu, hata maofisa wenye mshahara wamewahi kukamatwa na gunia kama hilo. Mshahara peke yake hauzuii.

Mchoma Mkaa wa Zamani

Kweli mzee. Kwao bei ilikuwa kubwa zaidi.

Mswahili wa Kwale

Hamjambo nyote. Niko ng'ambo ya mpaka, Kenya. Kule kwetu ghuba ya Gazi kuna mradi wa Mikoko Pamoja, ulianza 2013. Eneo si kubwa, hekta 117 za mikoko. Vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda na kupanda, hewa ya kaboni ambayo mikoko inaihifadhi inauzwa kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao wa hewa, na pesa hazigawanywi mtu mmojammoja. Watu hukaa kikao wakaamua: mwaka huu maji, mwaka huu vitabu vya shule. Bibi yangu hajawahi kukanyaga matope kupanda mkoko hata mmoja, lakini mtu akikata boriti atapigiwa kelele na bibi kwanza, kwa sababu bomba analoteka maji analijua lilitoka wapi.

Halafu kuna Arabuko-Sokoke, msitu wa serikali kama wa huyo mleta mada. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majirani wengi wa msitu ule walitamani ukatwe wapewe mashamba, na huwezi kuwalaumu, ndovu walikuwa wakila mahindi yao. 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo hapo Gede: wakulima wanafuga viwavi, wakishajifunga ndani ya ganda wanasafirishwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Msitu ukageuka mahali pa kutoa mbegu ya biashara. Haukumaliza wizi wa miti, nisiwadanganye. Lakini ule msemo wa "ukatwe tugawane" ulipungua makali.

Na tusisahau kaya zetu Wamijikenda, ile misitu yetu mitakatifu. Misitu ile ililindwa na wazee karne na karne bila posho wala buti. Miiko ilitosha.

Kijana wa Kilwa

Miiko ilitosha wakati kiwanja pwani hakina bei. Sasa hivi mzee wa kaya anapambana na mtu mwenye hati na greda.

Mswahili wa Kwale

Hapo umesema. Kaya kumi na moja ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia 2008, na bado wazee hulala macho.

Mkazi wa Tanga Mjini

Samahani nauliza tu. Maji ninayokunywa hapa mjini yanatoka Mto Zigi, yanakusanywa bwawa la Mabayani. Mto Zigi chanzo chake si ndiyo hiyo milima ya mleta mada? Basi huyu bwana ananilindia maji kwa katambuga, na mimi kila mwezi nalipa bili ambayo yeye haioni. Kwa nini kwenye bili yangu isikatwe shilingi chache iende kwenye kamati zao? Si msaada, ni deni.

Mpita Njia

Bili yenyewe ilivyo juu, unataka waongeze tena? Hizo shilingi chache zitaundiwa ofisi, ofisi itanunua gari, gari litapanda huko mlimani kuwafanyia semina ya kujitolea.

Mkazi wa Tanga Mjini

Nimecheka lakini inauma.

Bwana Misitu Mstaafu

Nirudi kwa kijana wa Kilwa, maana jana sikulala vizuri. Nilikwenda Duru-Haitemba kule Babati katikati ya miaka ya 1990. Serikali ilitaka kuufanya ule msitu wa miombo kuwa hifadhi yake. Watu waliposikia unachukuliwa, wakaingia kukata mbio kabla mpaka haujawekwa. Ikaamuliwa waachiwe vijiji. Wakajiwekea walinzi wao, sheria zao, faini zao, na msitu ukapumua. Posho ya serikali haikuwepo. Niliusimulia mfano huo miaka mingi nikisema "mnaona, wanaweza bila kulipwa". Leo naona niliusimulia nusu. Walilipwa msitu wenyewe.

Lakini Usambara si Babati. Msitu ule una viumbe wasiopatikana kwingine duniani, na msitu wa Amani, huko huko Usambara Mashariki, umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Hakuna serikali itakayokubali muuze mtambara. Kwa hiyo jibu la Kilwa huko halifiki.

Mkulima wa Iliki (mleta mada)

Nashukuru wote, hasa mzee, na yule dada wa kitongoji cha juu, maana maneno yake mke wangu ameyasoma kwa sauti mara mbili.

Mzee yuko sahihi, mti hatuwezi kuuza, na mimi sitaki uuzwe. Lakini kuna vitu vinavyouzwa tayari bila sisi: mbao tulizokamata, viingilio vya wageni, faini. Nitakachokipeleka mkutanoni si posho. Nitapendekeza doria isimame mpaka mkataba wa usimamizi wa pamoja usomwe mbele ya wananchi, maana nimekaa kwenye kamati miaka sita sijawahi kuushika mkononi. Mali ikikamatwa, kijiji kiwepo kwenye mnada na fungu lake liandikwe. Mtu akiumia doria, atibiwe na mwenye msitu. Siku za kuni zipangwe na wanawake wenyewe. Na ile faini ya asiyekwenda ifutwe. Hayo yakikubaliwa, mimi naenda bure hata Jumapili.

Nikisema doria isimame najua wapasua mbao nao wanasoma. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Wiki mbili tu bila watu, na njia ya mbao itakuwa pana kama barabara.

Mama wa Kitongoji cha Juu

Isisimame. Sisi wanawake tutaingia zamu hizo wiki mbili, nanyi mkae ofisini mpaka huo mkataba upatikane. Na yule aliyekatwa panga, mkono ulipona?

Mkulima wa Iliki (mleta mada)

Vidole viwili havikunji. Jina lake bado liko ubaoni, zamu ya Alhamisi.